Uvimbe wa ubongo na daktari asiyepasua: jibu kwa msomaji wa Lamu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, naishi Langoni, Lamu. Mwaka jana ami yangu alifariki kwa uvimbe wa kichwani. Alianza kwa kuanguka kifafa, watu wakasema ni majini, akazungushwa kwa waganga miezi mingi. Alipofikishwa Mombasa tukaambiwa tumechelewa. Tangu hapo nimeazimia kusomea uvimbe wa ubongo na si kitu kingine. Mwalimu wangu anasema basi lazima niwe mpasuaji, na mimi damu siiwezi. Je, yupo daktari wa uvimbe wa ubongo asiyepasua? Hufanya nini hasa? Na utafiti wao ni wa nini ikiwa watu bado wanakufa? Na ami, tungemuwahi, angepona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba, Mungu amrehemu ami yako na awape subira nyumba nzima.

Daktari huyo yupo. Ni daktari wa mishipa ya fahamu aliyeongeza masomo juu ya uvimbe wa ubongo, na hapa Malindi ndiyo kazi inayonilisha, ingawa wengi wanaoketi mbele yangu hawana uvimbe wowote. Hilo nitalirudia, maana linagusa azimio lako la kusoma uvimbe "na si kitu kingine". Mwalimu wako simlaumu. Watu wakisikia uvimbe kichwani hufikiria kisu. Lakini kabla ya kisu kuna aliyesema kiende wapi, na baada ya kisu kuna anayebaki na mgonjwa.

Tarehe 25 Novemba 1884, mjini London, mpasuaji aitwaye Rickman Godlee alifungua fuvu la kijana mmoja mkulima kutoka Scotland, akatoa uvimbe uliokuwa ndani ya ubongo. Picha za kichwa hazikuwapo. Hata eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Aliyemwonyesha Godlee pa kufungua ni Alexander Hughes Bennett, daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye hakuwa na chochote mkononi ila maelezo ya mgonjwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe: kifafa kilivyoanza na kilivyosambaa, na mkono wa kushoto uliokuwa ukizidi kulegea. Bennett akapiga hesabu kwamba uvimbe umekaa upande wa kulia wa ubongo, katika sehemu inayoendesha mkono. Godlee akafungua hapo, akaukuta. Kijana alifariki karibu mwezi mmoja baadaye kwa maambukizi, lakini hesabu ya Bennett ilikuwa sahihi.

Leo tuna mashine. Mtu wa kwanza kabisa kupigwa picha ya CT, mwaka 1971, London hukohuko, alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Unaweza kudhani kwamba tangu siku ile ufundi wa Bennett umepitwa. Mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, atakwambia vingine. Ili apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya MRI itabidi apande boti, ashukie Mokowe, apande basi mpaka Mombasa, apate pa kulala, na alipe. Hatuwezi kumpeleka kila anayeumwa kichwa, kwa sababu kuumwa kichwa ni jambo la kila nyumba. Pana haja ya mtu wa kusema huyu aende leo, yule ameze dawa arudi wiki ijayo.

Nitakuonyesha kipimo kimoja tu ili ujue kazi ilivyo. Namwambia mgonjwa anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu kama anayeomba dua, kisha afumbe macho. Nasubiri. Kwa mtu mzima wa afya, mikono inakaa palepale. Kwa mwenye tatizo upande mmoja wa ubongo, hata kama nguvu bado anazo na mkono anakupa ukauminya, baada ya sekunde chache kiganja kimoja kinaanza kupinduka kuelekea ndani, halafu mkono unashuka polepole. Mwenyewe hana habari. Ukimuuliza atasema mikono yote iko juu. Jamaa zake waliokaa kwenye benchi ndio huona, na mara nyingi hapo ndipo wanapoacha kubishana nami kuhusu nauli ya Mombasa.

Baada ya hapo ninaangalia ndani ya jicho kwa kurunzi yake maalumu, kuona kama mshipa wa jicho umefura kwa shinikizo la kichwani. Kisha namgeukia aliyeshuhudia mgonjwa akianguka. Swali langu ni lilelile siku zote: kilianzia wapi? Kifafa kinachoanzia kidole gumba, kikapanda mkono, kikafika usoni, ndipo mtu akapoteza fahamu, kinanionyesha pa kutafuta. Mtu mzima aliyevuka miaka thelathini bila kuanguka hata siku moja, akaanza sasa, apigwe picha ya kichwa, na hapo sina mjadala. Sibishani na imani ya mtu. Dua isomwe, na siku hiyohiyo tiketi ya basi ikatwe.

Si kila uvimbe ni hukumu, na hili ningependa ulitangaze Langoni nzima. Niliwahi kuletewa fundi wa majahazi, mtu mzima, mkono wake ukisifiwa. Wanawe walilalamika kwamba baba amekuwa mvivu na mkaidi: anapiga randa nusu ya ubao, ile ya kulia, ya kushoto anaiacha, na akiambiwa anakasirika na kusema amemaliza. Nilimpa karatasi achore saa ya ukutani. Namba zote kumi na mbili alizijaza upande wa kulia. Hakuwa mvivu, upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umemtoka. Picha ilionyesha meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, ambao kwa kawaida si saratani. Nchini Marekani, ambako hesabu zimewekwa vizuri, meninjioma ni zaidi ya theluthi ya uvimbe wote unaoanzia kichwani. Mpasuaji aliutoa, na fundi akarudi kwenye mbao zake.

Mwingine anakuja na picha ambayo ukiitazama haraka utasema saratani, kumbe ni kifua kikuu kilichopanda kichwani, au vimelea vya tokso kwa mtu ambaye virusi vya Ukimwi vimemshusha kinga. Hao hutibiwa kwa vidonge. Mwingine ana saratani ya matiti au ya mapafu iliyosafiri hadi ubongoni, na hiyo ni njia tofauti ya matibabu. Ndiyo maana tunasisitiza kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara kila inapowezekana. Kwangu mimi, daktari anayetamka neno saratani kwa kutazama picha peke yake ana haraka isiyo na sababu.

Ikithibitika ni saratani ya ubongo wenyewe, kazi yangu ndiyo kwanza inaanza. Mpasuaji anatoa anachoweza kutoa bila kumharibia mtu usemi au mkono. Halafu mionzi. Kwa glioblastoma, ambayo ndiyo kali kuliko zote kwa watu wazima, kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Kila kipindi ni dakika chache tu. Lakini mtu wa Lamu hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo familia inapanga chumba Mombasa au Nairobi, mmoja anaacha kazi ili amwangalie mgonjwa, na ng'ombe au kiwanja kinauzwa. Hakuna kitabu cha udaktari kitakachokufundisha hilo, nawe utaulizwa na familia kabla ya maswali yote: tutalala wapi?

Kisha dawa. Vidonge vya temozolomaidi humezwa tumbo likiwa tupu, na kabla yake dawa ya kuzuia kutapika. Deksamethasoni hupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, na ndani ya siku mbili tatu unaweza kuona mtu aliyelala kitandani ameinuka anaomba chai. Familia huiona kama muujiza na hawataki iachwe. Mimi ndiye ninayewaharibia furaha, maana ikikaa mwilini muda mrefu inapandisha sukari, inanyima usingizi, na inakula misuli ya mapaja hadi mtu anashindwa kuinuka kutoka kwenye mkeka. Na haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Dawa ya kifafa nayo ina hesabu zake. Fenitoini na kabamazepini, ambazo ni za bei nafuu na zimezoeleka, huchochea ini kuziharibu dawa nyingine, pamoja na baadhi ya dawa za saratani. Ndiyo sababu wengi wetu tunapenda levetirasetamu. Hii humezwa mara mbili kwa siku, na mwezi wa Ramadhani wagonjwa wangu hunijia na swali moja. Aliyetulia miezi mingi bila kuanguka anaweza kumeza kwenye futari na daku, tukishakubaliana. Aliyetoka kupasuliwa, au anayeendelea na mionzi, ninamwambia wazi kwamba dini imemruhusu kula, na nikiona anasitasita ninampigia simu imamu wake. Kukosa usingizi kwa ajili ya daku nako huamsha kifafa, jambo ambalo hata baadhi ya madaktari hulisahau.

Miezi michache baada ya mionzi tunapiga picha tena, na hapa ndipo mshahara wangu unapopatikana kwa jasho. Wakati mwingine picha inaonyesha uvimbe umekua, kumbe ni madhara ya mionzi yenyewe, yanayotulia baadaye bila kubadilisha dawa. Ukikurupuka utamwondolea mgonjwa dawa inayomsaidia. Ukichelewa utampa dawa isiyofanya kazi. Mwaka 2010 kundi la mabingwa likiongozwa na Patrick Wen, daktari wa mishipa ya fahamu wa Boston, lilichapisha vigezo vipya vya kuamua jambo hilo, na vigezo hivyo havitazami picha peke yake: vinauliza pia mgonjwa yukoje na anatumia deksamethasoni kiasi gani. Yule yule aliyepima mikono siku ya kwanza ndiye anayejua kama leo mkono unashuka zaidi ya juzi.

Na yapo mazungumzo. Pwani yetu, familia hunisubiri mlangoni kabla mgonjwa hajaingia: "Daktari, tafadhali usimwambie." Siwezi kumdanganya mtu juu ya kichwa chake mwenyewe, lakini pia simtupii habari usoni. Namuuliza yeye: ungependa nikueleze wewe yote, au nimweleze mwanao? Wengi huniambia wanajua tayari. Wengine humwonyesha mtoto mkubwa kwa kidole, na hiyo nayo ni haki yao.

Sasa utafiti. Umeuliza ni wa nini ikiwa watu bado wanakufa. Hilo halijibiwi kwa maneno matamu, kwa hiyo nitakupa namba. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 573 wa glioblastoma. Kundi moja lilipata mionzi peke yake, la pili likapata mionzi pamoja na temozolomaidi, dawa iliyozaliwa miaka ya 1980 katika maabara ya Malcolm Stevens kwenye Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham. Katika kundi la kwanza, nusu ya wagonjwa walikuwa wameshafariki kufikia miezi 12.1. Katika la pili, miezi 14.6. Tofauti ni miezi miwili na nusu. Ukiishia hapo utakunja karatasi. Lakini tazama waliokuwa hai baada ya miaka miwili: asilimia 10.4 kwa mionzi peke yake, asilimia 26.5 kwa walioongezewa dawa. Maana yake ni kwamba wapo ambao dawa iliwafaa sana, na wapo ambao haikuwagusa.

Mwaka huohuo Monika Hegi na wenzake walionyesha sababu mojawapo. Kuna jeni iitwayo MGMT ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kukarabati uharibifu ambao dawa imeufanya ndani ya seli ya uvimbe. Dawa inabomoa, kimeng'enya kinajenga. Kwa wagonjwa ambao jeni hiyo imezimwa ndani ya uvimbe, ukarabati haufanyiki na dawa inashinda kwa muda mrefu zaidi. Tangu hapo, kinyama kinapofika maabara kubwa huulizwa pia kuhusu MGMT.

Halafu kuna jeni nyingine, IDH. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikuta hitilafu katika jeni hiyo kwenye baadhi ya uvimbe wa ubongo, hasa wa watu wenye umri mdogo na ule ulioanza kwa kukua polepole. Ulikuwa ugunduzi wa maabara, mgonjwa hakupata kidonge wala sindano. Shirika la Afya Duniani likabadilisha namna ya kuugawa uvimbe wa ubongo mwaka 2016, na tena 2021, ili jeni zihesabiwe pamoja na sura ya seli kwenye darubini. Mwaka 2023 zikatoka habari za dawa inayozuia kimeng'enya cha IDH kilichoharibika, vorasidenibu: kwa wagonjwa 331, waliopewa dawa walikaa miezi 27.7 kabla uvimbe haujaendelea, na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa miezi 11.1. Utafiti huo uliongozwa na Ingo Mellinghoff, daktari wa mishipa ya fahamu wa New York. Marekani iliidhinisha dawa hiyo 2024. Kutoka ugunduzi hadi duka la dawa ni miaka 16, karibu umri wako wote. Watu waliofariki katikati si kwamba utafiti haukuwajali. Wengi wao ndio waliotoa vinyama vyao vikachunguzwa.

Jambo linalonisisimua kuliko yote ni jingine, na limetoka kwa madaktari wa mishipa ya fahamu hasa. Zamani tulifundishwa kwamba uvimbe unakandamiza ubongo na kuula, basi. Michelle Monje, daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto wa Chuo Kikuu cha Stanford, na Frank Winkler wa Heidelberg, Ujerumani, walijiuliza swali ambalo mtu wa saratani peke yake pengine asingeliuliza: ubongo ni kiungo cha umeme, je, uvimbe unaufanyia nini umeme huo? Mwaka 2015 kundi la Monje lilionyesha kwamba seli za fahamu zinapofanya kazi, uvimbe unakua haraka zaidi. Mwaka huohuo kundi la Winkler likaonyesha kwamba seli za uvimbe hurefusha mikono membamba na kushikana mtandao mzima. Kufikia 2019 makundi yote mawili, kila moja kwa njia yake, yakaonyesha kwamba seli za fahamu huungana na seli za uvimbe kwa sinapsi za kweli, zilezile ambazo ubongo hutumia kupeana habari. Uvimbe unasikiliza mazungumzo ya ubongo na kuyatumia kukua. Mwaka 2025 wawili hao walipewa Tuzo ya Ubongo inayotolewa Denmark.

Sehemu ya kazi ya Monje ilisimama juu ya vinyama vya watoto waliofariki kwa saratani ya shina la ubongo, ambayo haipasuliki na kwa kawaida haimwachi mtoto afikishe mwaka wa pili tangu igunduliwe. Wazazi waliruhusu vichukuliwe baada ya mtoto kukata roho, saa chache tu, ili seli ziwe bado hai. Kwetu, ambako maiti huzikwa mapema na ni sawa izikwe mapema, jambo hili litahitaji mazungumzo na mashehe muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Siku ukifika huko utanikumbuka.

Usidhani kila wazo zuri hufua dafu. Kwa kuwa uvimbe na kifafa vinahusiana, madaktari wengi walitumaini kwamba valproeti, dawa ya kifafa ya siku nyingi, ingewaongezea wagonjwa maisha. Mwaka 2016 zikachambuliwa pamoja takwimu za wagonjwa zaidi ya 1,800 wa glioblastoma: valproeti haikuongeza kitu, wala levetirasetamu. Bevasizumabu, dawa ya bei ghali inayozuia mishipa ya damu ya uvimbe, iliruhusiwa Marekani 2009 kwa glioblastoma iliyorudi, kwa matumaini makubwa, na 2014 tafiti mbili kubwa zikaonyesha kwamba wagonjwa wapya waliopewa hawakuishi zaidi. Inapunguza maji ubongoni, inasaidia deksamethasoni ipungue, na hapo ndipo inapoishia. Utafiti unaosema hapana nao umewaokolea watu mashamba yao.

Sasa nirudi pale niliposema nitarudi. Usisomee uvimbe wa ubongo peke yake. Somea ubongo.

Piga hesabu nami. Glioblastoma Marekani huwapata watu kama 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kaunti ya Lamu, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 143,920. Hata tukikopa kiwango cha Marekani bila kukipunguza, ni wagonjwa wanne au watano kwa mwaka kaunti nzima, na kwa kuwa ugonjwa huu hupenda umri mkubwa na watu wetu wengi ni vijana, watapungua hapo. Ukija Lamu na cheo cha uvimbe wa ubongo tu utakaa barazani ukisubiri. Lakini kifafa kiko kila mtaa, kiharusi kiko kila mtaa, na mtoto aliyeponea malaria ya kichwani akabaki na kifafa, huyo unaye darasani kwenu pengine. Kilifi hapa, katika kituo cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (mfuko wa Uingereza) kilichoanzishwa 1989, kifafa na malaria ya ubongo vimechunguzwa kwa miongo mingi. Huna haja ya kupanda ndege kuona utafiti wa ubongo ukifanywa na watu wa pwani. Daktari anayeshughulika na kifafa kila siku ndiye atakayemtambua yule mmoja ambaye kifafa chake si cha kawaida. Ami yako alihitaji daktari wa namna hiyo siku ya kwanza, kabla ya bingwa yeyote wa glioblastoma.

Njia yenyewe ni ndefu, na sehemu kubwa yake haina la ajabu. Kemia na biolojia ushike vizuri, na hisabati usiitupe. Shahada ya udaktari ni miaka sita, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini kabla Baraza la Madaktari halijakusajili. Damu utaiona, mwanangu, tena nyingi, hasa wodi ya uzazi na chumba cha upasuaji. Wengi waliosema hawaiwezi waliizoea kabla ya kuzoea chakula cha bweni. Baada ya hapo ni shahada ya uzamili katika magonjwa ya watu wazima, au ya watoto ukipenda, na ndipo mishipa ya fahamu. Mimi nilikwenda Afrika Kusini, ambako mishipa ya fahamu husomewa moja kwa moja kama ubingwa, kisha nikaongeza muda kwenye kliniki ya uvimbe. Marekani huwa ni miaka minne ya ubingwa baada ya shule ya udaktari, na mwaka mmoja au miwili juu yake kwa ajili ya saratani za ubongo. Ukianza na miaka kumi na minane na mambo yakakunyokea, utakuwa unakaribia thelathini na tano. Pesa za mkopo na ufadhili ni habari ya siku nyingine. Mshahara, hutalala njaa.

Ukinitaka nikuchagulie utafiti, sitakupeleka maabara kwanza. Ningependa mtu wa Lamu ahesabu jambo moja ambalo watu wa Boston na Heidelberg hawawezi kutuhesabia: ni miezi mingapi hupita kati ya kuanguka kwa kwanza na picha ya kwanza ya kichwa, na miezi hiyo huishia wapi. Kwa mganga? Kwenye zahanati ambako mtu alipewa dawa ya malaria mara tatu? Kwenye kutafuta nauli? Kazi hiyo inataka daftari, ruhusa ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na mtu ambaye bibi wa Siyu au Faza atamfungulia mlango na kumweleza ukweli bila kuona haya. Wewe mlango huo uko wazi kwako tayari.

Na sasa ami yako. Sitakudanganya. Kama ilikuwa glioblastoma, kumuwahi kusingemponya. Kungempa miezi zaidi, kifafa kingetulizwa, na angekuwa na akili timamu ya kuandika wasia na kuzungumza na wanawe. Kama ilikuwa meninjioma, huenda angekuwa hai. Na waliompeleka kwa mganga walimpeleka kwa kumpenda, kwa hiyo nyumbani msianze kuhesabiana makosa. Kama bahasha ya picha zake bado iko kabatini, mpe mtu anayekuja Malindi aniletee pamoja na karatasi za hospitali ya Mombasa. Bila kinyama sitaweza kukuapia, lakini mahali uvimbe ulipokaa, na jinsi ulivyong'aa kwenye picha baada ya sindano ya rangi, vitanitosha kukwambia ni upi kati ya hiyo miwili ninaoushuku.